Maumivu ya mama na picha isiyoonyesha kitu

"Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 66. Alitoka Tanga kuja kuishi nasi Minnesota, Marekani, miaka kumi na mitatu iliyopita, na karibu muda wote huo amefanya kazi katika nyumba ya wazee: kuwainua, kuwageuza kitandani, kuwaogesha. Kwa miaka minne sasa magoti yote mawili na kiuno vinamuuma. Usiku halali vizuri, ngazi za nyumbani anazishuka kwa kukaa kitako kama mtoto, na sasa anaswali akiwa kwenye kiti. Daktari wa hapa alimpiga picha, akasema magoti yamesagika kidogo tu, apunguze uzito na anywe Tylenol. Ana presha, na anatumia losartani pamoja na kidonge cha kukojoza maji. Kwa kuwa Tylenol haimsaidii, shangazi humtumia diklofenaki kutoka nyumbani, na miezi ya karibuni ameanza vidonge vya mitishamba alivyouziwa na mwenzake kazini. Anasema hivyo ndivyo pekee vinavyomtuliza. Wenzake, akina mama Wamarekani Weusi wa rika lake, wamemwambia kwamba hospitali za hapa haziamini maumivu ya mwanamke Mweusi, asijisumbue. Je, ni kweli? Au miili yetu kweli inahimili maumivu kuliko ya Wazungu, na mama ameanza kudeka kwa uzee? Tudai dawa kali zaidi, au tumrudishe nyumbani akatibiwe?"

Marahaba, binti yangu. Unataka kujua kama maumivu ya mama ni ya kweli ilhali picha haionyeshi uharibifu mkubwa, kama rangi yake imechangia namna alivyohudumiwa, na mfanye nini kuanzia sasa. Nitayajibu yote. Lakini katika barua yako kuna jambo ambalo hukuliuliza na ambalo haliwezi kusubiri, kwa hiyo nitaanza nalo.

Mama anameza losartani, kidonge cha kukojoza maji, na juu yake diklofenaki. Dawa hizo tatu zikikutana katika mwili wa mtu wa miaka 66 huziweka figo hatarini, na hatari hiyo mwanzoni haina dalili. Figo huchuja damu kwa kutegemea shinikizo lililomo ndani ya vichujio vidogo sana. Mshipa unaoingiza damu katika kila kichujio hubaki wazi kwa msaada wa kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini, na diklofenaki hutuliza maumivu kwa kuzuia kutengenezwa kwa kemikali hizohizo. Mshipa hubana, na damu inayoingia hupungua. Losartani nayo hulegeza mshipa wa upande wa pili, ule unaotoa damu, jambo ambalo kwa kawaida huzisaidia figo, lakini katika hali hii huondoa hata lile shinikizo dogo lililobaki. Kidonge cha kukojoza hupunguza maji katika mzunguko mzima. Mtu anaweza kuishi hivyo kwa miezi bila kuhisi lolote, kisha akaharisha siku mbili tu na figo zikasimama. Diklofenaki pia hupandisha presha anayojaribu kuishusha, huweza kuleta vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, na huongeza uwezekano wa mshtuko wa moyo. Aiache leo. Dawa za presha asiziache.

Wiki hii mwombeni daktari ampime kreatinini (taka ya damuni inayoonyesha figo zinavyochuja), chumvi za damu, na protini kwenye mkojo. Na hapa suala la rangi linaingia kwa njia ambayo wagonjwa wengi hawaijui. Hadi mwaka 2021, fomula zilizotumika sana Marekani kukadiria nguvu za figo zilikuwa na nyongeza maalumu kwa mgonjwa Mweusi: kwa kipimo kilekile cha damu, yeye alihesabiwa kuwa na figo zenye nguvu zaidi kwa takriban asilimia 16 au 21, kutegemea fomula iliyotumika. Mgonjwa aliyekuwa ameanza kudhoofika figo aliweza kuambiwa kwamba yuko salama. Mwaka 2021 ilitolewa fomula isiyo na nyongeza hiyo. Ikiwa mama aliwahi kupimwa miaka ya nyuma akaambiwa figo ni nzima, matokeo yale yakokotolewe upya. Wamarekani Weusi hupatwa na kushindwa kabisa kwa figo zaidi ya mara tatu kuliko Wazungu. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na chembe za urithi zilizoenea Afrika Magharibi na ambazo si nyingi kiasi hicho kwetu Mashariki, lakini presha isiyodhibitiwa haichagui pwani mtu alikotoka.

Vidonge vya mitishamba vinanitia wasiwasi wa aina nyingine. Kitu kinachoitwa cha asili kikituliza maumivu ya viungo haraka kuliko dawa zote za hospitali, daktari hujiuliza kilichomo ndani yake. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa maonyo zaidi ya mara moja kuhusu vidonge vilivyouzwa kama virutubisho vya viungo kwa jina la Artri King, ambavyo vilipopimwa vilikutwa na diklofenaki pamoja na steroidi (aina ya homoni inayotuliza uvimbe) iitwayo deksamethasoni, na kwenye kibandiko hakikuandikwa chochote kati ya hivyo. Sisemi kwamba vidonge vya mama ndivyo hivyo. Nasema kwamba, hadi itakapothibitika vinginevyo, vihesabiwe hivyo. Tofauti na diklofenaki, hivi asiviache ghafla kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa sababu mwili uliozoea steroidi kwa wiki nyingi huacha kutengeneza ya kwake, na kuikatiza kwa mara moja kunaweza kumwangusha mtu kwa udhaifu, kutapika na presha kushuka vibaya. Mpelekeni kwa daktari ndani ya siku mbili hizi pamoja na chupa yenyewe, mweleze ameanza lini na anameza vingapi, naye atapanga namna ya kumwondoa polepole. Mama asione haya kuitoa chupa hiyo mbele ya daktari.

Kwa siku hizi za mpito, Tylenol si dawa ya kudharau. Ni ileile parasetamoli tunayoijua nyumbani kwa jina la Panadol, ingawa kwenye vibandiko vya Marekani huandikwa "acetaminophen", na imo pia katika dawa nyingi za mafua. Mtu anaweza kuzidisha kipimo bila kujua kwamba anameza kitu kimoja kwa majina matatu. Kwa umri wake asizidishe gramu 3 kwa siku. Diklofenaki ya kupaka, ambayo Marekani huuzwa bila cheti cha daktari tangu mwaka 2020, huingia katika damu kwa kiasi kidogo sana ikilinganishwa na kidonge na hufaa kwa goti; hata hivyo majibu ya figo yatangulie kwanza.

Sasa nije kwenye lile lililokusukuma kuandika. Hapana, mwili wa mtu Mweusi hauhimili maumivu kuliko wa mwingine, na mama hadeki. Imani hiyo ina historia, na historia yake ni ya Marekani hasa. Katika miaka ya 1840, huko Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims aliwapasua mara kwa mara wanawake waliokuwa watumwa, watatu kati yao wakijulikana kwa majina ya Anarcha, Betsey na Lucy, bila dawa ya ganzi, akitafuta namna ya kushona fistula. Nchi iliyowatumia wanawake kwa namna hiyo ilihitaji kuamini kwamba hawakuhisi kama wengine. Sanamu yake iliondolewa New York mwaka 2018, lakini wazo lenyewe lilikuwa limekwisha kuingia madarasani. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari wanagenzi Wazungu kuhusu mambo ya uongo kama vile kwamba ngozi ya Mweusi ni nene zaidi, au kwamba ncha za mishipa yake ya fahamu hazihisi sana. Karibu nusu yao walikubali angalau jambo moja la namna hiyo, na waliokubali walielekea kuyakadiria maumivu ya mgonjwa Mweusi kuwa madogo na kupendekeza tiba isiyotosha. Majaribio ya maabara kwa watu halisi hayakuiunga mkono imani hiyo hata kidogo. Mengi yameonyesha kinyume chake.

Kwa hiyo wale akina mama kazini hawakuzua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kutoka chumba cha dharura cha hospitali moja ya Atlanta ulichunguza waliofika wakiwa wamevunjika mifupa mirefu, jeraha ambalo hakuna anayeweza kulibishia: asilimia 74 ya Wazungu walipewa dawa ya maumivu, dhidi ya asilimia 57 ya Weusi. Mwaka huohuo utafiti mwingine ulionyesha kwamba katika Jiji la New York, maduka ya dawa ya mitaa yenye Wazungu wengi yaliyokuwa na akiba ya kutosha ya dawa kali za maumivu yalikuwa asilimia 72, na katika mitaa isiyo ya Wazungu asilimia 25 tu. Mama hakuzaliwa Alabama, wala bibi zake hawakupita mikononi mwa Sims. Lakini anapoketi kwenye kitanda cha daktari, makadirio ya haraka ya uchungu wake hufanywa kwa kumtazama usoni, na macho hayo hayatofautishi Tanga na Montgomery.

Ninachokataa ni lile neno la mwisho, kwamba asijisumbue. Takwimu hizi zinaeleza mwelekeo wa mamia ya wagonjwa. Hazimwambii mtu daktari aliye mbele yake ni wa namna gani. Zaidi ya hayo, daktari wa mama huenda hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Huenda alitegemea picha, na hilo ndilo kosa la kitaalamu ninaloliona mara nyingi zaidi kuliko ubaguzi wa wazi.

Goti lina gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa. Gegedu yenyewe haina mishipa ya fahamu. Inaposagika, kinachouma ni vitu vinavyoizunguka: mfupa ulio chini yake, utando wa kiungo unaovimba, kano zinazoshikilia goti, na misuli ya paja inayochoka kwa kufanya kazi ya ziada. Picha ya eksirei huonyesha mfupa, na nafasi kati ya mifupa; utando uliovimba haiuonyeshi, na misuli iliyodhoofika haiionyeshi. Ndiyo maana kuna mzee anayetembea sokoni bila taabu ilhali picha ya goti lake inatisha, na kuna mwingine kama mama. Kipimo kinachotumika kupanga picha hizo katika madaraja, kutoka sifuri hadi nne, kilibuniwa Uingereza mwaka 1957 kwa kuangalia Waingereza weupe. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walifundisha programu ya kompyuta kutumia picha za magoti za wagonjwa zaidi ya 4,000. Badala ya kuiambia ijifunze madaraja ya madaktari, waliifundisha kutabiri maumivu ambayo wagonjwa wenyewe walikuwa wameyaeleza. Madaraja ya kawaida yaliweza kueleza asilimia 9 tu ya tofauti ya maumivu iliyopo kati ya wagonjwa Weusi na Wazungu. Programu ilieleza asilimia 43. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya maumivu yaliyodhaniwa kuwa hayaonekani ilikuwamo ndani ya picha zilezile, ila waliozisoma hawakufundishwa kuiona. Sijui jambo jingine katika fani yangu linalojibu swali lako vizuri zaidi ya hilo. "Yamesagika kidogo tu" ni maelezo ya picha. Hayaelezi hali ya mama.

Kuna tabaka la pili. Maumivu yanapodumu zaidi ya miezi mitatu, ambao ndio mpaka tunaoutumia kuyaita sugu, mishipa ya fahamu na uti wa mgongo hubadilika. Ujumbe wa maumivu unaopita kila siku hufanya kama njia ya mguu katika majani, ambayo kadiri inavyopitwa ndivyo inavyopanuka, hata mguso ambao zamani haukuuma sasa unauma, na eneo linalouma linaenea kupita lile lililoumia. Wakati huohuo ile kazi ya ubongo ya kuzuia ujumbe huo usipande inadhoofika, na kukosa usingizi huidhoofisha zaidi. Mama anayeamshwa na kiuno saa nane usiku, ambaye amebeba hofu ya kazi, anatengeneza mazingira ambamo maumivu yanajilisha yenyewe. Mtafiti Arline Geronimus alipendekeza mwaka 1992 kwamba mwili wa mwanamke Mweusi Marekani huchakaa mapema kwa shinikizo la maisha lisilokoma, na tafiti nyingi tangu hapo zimempa nguvu. Mabadiliko hayo yanatokea ndani ya mwili. Hakuna kuigiza hapo, na yanaweza kurudishwa nyuma kwa kiasi kikubwa, ingawa si kwa kidonge kimoja.

Tiba yenye ushahidi imara zaidi kwa goti na kiuno cha namna hii ni mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu wa mazoezi tiba. Najua jinsi ushauri huo unavyosikika kwa mwanamke anayeinua wazee kutwa nzima. Atasema mazoezi anayafanya kazini tayari. Siyo hayo. Kazi yake humpa mwili mzigo wa ghafla na wa upande mmoja, tena akiwa amechoka. Mazoezi tiba huijenga misuli ya paja, makalio na kiuno kwa mzigo unaoongezwa taratibu, ili misuli ipokee uzito ambao sasa unapokewa na kiungo. Wiki mbili au tatu za mwanzo huuma kidogo zaidi, na hapo ndipo wengi huacha. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki sita hadi kumi na mbili. Mwambieni daktari aandike rufaa ya mazoezi tiba, si karatasi yenye michoro ya kufuata nyumbani.

Kuhusu uzito, daktari hakumtukana, ila alimpa nusu ya jibu. Kila kilo moja inayopungua mwilini hupunguza takriban kilo nne za mzigo juu ya goti katika kila hatua. Lakini kumwambia mtu asiyeweza kutembea kwamba apungue, bila kumtuliza maumivu kwanza, ni kumfungia mlango kisha kumlaumu kwa kutoingia. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa sindano za semaglutidi kwa watu wenye unene na magoti yaliyosagika, na waliozipata walipungua uzito na maumivu yao yakapungua kuliko ya waliopata sindano zisizo na dawa. Ni ghali na bima nyingi zinasita, lakini inafaa kuulizwa.

Dawa kali ulizozitaja nazielewa kuwa ni zile za kundi la afyuni. Jimboni kwenu hukohuko, hospitali ya maveterani, yaani wanajeshi wa zamani, ya Minneapolis iliongoza utafiti uliochapishwa mwaka 2018, ambamo wagonjwa 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au magoti walifuatiliwa kwa mwaka mzima, nusu yao wakianzishiwa dawa hizo na nusu nyingine dawa za kawaida. Waliotumia afyuni hawakutembea wala kufanya kazi zao vizuri zaidi, na walipata madhara mengi zaidi. Wengi wao walikuwa wanaume, nami naliweka hilo wazi kwa sababu wanawake Weusi wazee mara nyingi huhukumiwa kwa matokeo ya watu wasiofanana nao. Hata hivyo, kwa mama mwenye ngazi nyumbani, kizunguzungu na kuanguka ni gharama halisi. Kudai kusikilizwa na kudai afyuni ni mambo mawili, na anayeyachanganya humpa daktari sababu ya kukataa yote. Kuna duloksetini, inayofanya kazi kwenye ile njia ya kuzuia maumivu na ambayo husaidia baadhi ya wagonjwa wa goti na mgongo, ingawa presha ifuatiliwe. Amitriptilini, inayotolewa sana kwetu nyumbani, siipendi kwa umri huu: hukausha mdomo, huzuia mkojo na huchanganya akili za wazee.

Sindano ya steroidi ndani ya goti hutuliza kwa wiki kadhaa, na inafaa kumwezesha mtu kuanza mazoezi au kusafiri kwa harusi ya mjukuu. Kuirudia kila miezi mitatu kwa miaka si busara. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha gegedu ikipungua zaidi kwa waliofanyiwa hivyo, bila nafuu ya ziada. Upasuaji wa kubadilisha goti upo, na miaka 66 si uzee wa kuukosa. Takriban magoti manane kati ya kumi yaliyowekwa hudumu miaka 25. Lakini baadhi ya wagonjwa hubaki na maumivu baada yake, hasa wale ambao maumivu yao yalikwisha kuenea kabla ya upasuaji. Wanawake Weusi Marekani hufanyiwa upasuaji huu kwa kiwango cha chini kuliko Wazungu wenye magoti ya hali ileile, wengine kwa kutokupewa rufaa na wengine kwa kuukataa wenyewe kwa hofu ambayo historia imeihalalisha. Ningetaka amwone daktari wa mifupa, si lazima ili apasuliwe, bali ili uamuzi ufanywe na mtu aliyeligusa goti lake.

Sasa siku ya miadi. Akina mama zetu wamelelewa kujibu salamu kwa shukrani, na muuguzi akiuliza hali, mama atasema nzuri, alhamdulillah. Akiulizwa maumivu ni mangapi kati ya kumi, atataja nne ili asionekane mlalamishi. Hiyo nne ndiyo itakayoandikwa, na ndiyo bima itakayoisoma. Mama na ataje mambo ambayo hayawezi kupunguzwa kwa adabu: kwamba anashuka ngazi kwa kitako, kwamba hawezi tena kusujudu na anaswali kitini, kwamba anaamka mara ngapi usiku, kwamba kazini hawezi kumgeuza mzee bila msaada. Aeleze pia namna yanavyouma, kwa maana maumivu ya kuchoma kama moto, ya kufa ganzi au ya kushuka mguuni yana asili tofauti na yale ya kukakamaa asubuhi, na tiba hutofautiana.

Wewe usiwe mkalimani wake. Sheria ya afya ya Marekani ya mwaka 2010 inazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo, na Kiswahili hupatikana kwa simu. Mwombe wakati wa kupanga miadi, si mkifika mlangoni. Binti akitafsiri, mama huficha mengi, na binti naye huyalainisha. Nafasi yako ni ya shahidi: sema unachokiona nyumbani. Daktari akikataa kipimo au rufaa, mwulize kwa upole ni ugonjwa gani ameuondoa na kwa kipimo kipi, kisha mwombe aandike katika jalada kwamba mliomba naye akakataa kwa sababu hiyo. Mara nyingi ombi hilo huyafungua mazungumzo upya. Likishindikana, tafuteni daktari mwingine. Kwa kuwa mama amepita miaka 65, na ikiwa amelipa kodi ya mshahara kwa miaka kumi, yumkini anastahili Medicare, bima ya afya ya serikali kuu kwa wazee. Kama hajajiandikisha, ulizeni mapema, kwa sababu kuchelewa bila bima ya kazini huleta ongezeko la malipo.

Kuna vipimo ningevitaka kabla ya kuridhika kwamba kiuno ni kuchoka tu. Saratani ya uboho iitwayo maieloma huwapata watu Weusi zaidi ya mara mbili kuliko Wazungu, na mwanzo wake mara nyingi ni maumivu ya mgongo kwa mtu aliyepita miaka sitini, pamoja na upungufu wa damu au figo kulegea. Haiwapati wengi, lakini hukosewa kwa sababu kila mtu mzima anaumwa mgongo. Hesabu kamili ya damu, kalisi, na kipimo cha protini za damu vinatosha kuanzia. Vitamini D pia ipimwe: mwanamke mwenye ngozi nyeusi anayejisitiri na kuishi katika baridi ya Minnesota huipungukiwa kwa urahisi, na upungufu mkubwa huleta uchungu wa mifupa na udhaifu wa mapaja. Kama viungo vya vidole vinavimba, au kama kukakamaa kwa asubuhi hudumu zaidi ya saa moja, aonwe na daktari wa baridi yabisi. Na kwa umri wake kipimo cha uimara wa mifupa ni haki yake. Wanawake Weusi hukipata mara chache kuliko wengine kwa kudhaniwa kwamba mifupa yao haivunjiki.

Kumrudisha nyumbani kutibiwa si wazo baya lenyewe. Taasisi ya Mifupa Muhimbili hubadilisha magoti, na huko mama ataeleza maumivu yake kwa lugha yake bila simu katikati. Nisichokipenda ni mpango wa kwenda, kupasuliwa na kurudi kazini kabla ya muda. Goti jipya linahitaji miezi ya mazoezi na mtu wa kulifuatilia, na safari ndefu ya ndege katika wiki za kwanza huongeza hatari ya damu kuganda mguuni. Wengi hushauriwa kusubiri hadi miezi mitatu. Akienda, aende kwa muda wa kutosha na nakala za vipimo vyake vyote. Kama anabaki, amwone msimamizi wake kazini kuhusu zamu nyepesi na mashine ya kuinulia wagonjwa, na kama maumivu yalianza baada ya tukio kazini, aulize mapema kuhusu fidia, kwa kuwa madai hayo yana muda wa mwisho.

Yapo mambo yasiyongoja miadi. Mama akishindwa kuzuia haja ndogo au kubwa, au mkojo ukagoma kutoka. Akifa ganzi sehemu za siri na mapaja ya ndani. Mguu ukilegea ghafla. Akipata homa pamoja na maumivu ya mgongo, au goti moja likavimba, likawa jekundu na la moto. Akitapika damu au kupata choo cheusi kama lami. Mkojo ukipungua sana na miguu ikavimba. Au akilegea, akatapika na kupata kizunguzungu baada ya kuacha vile vidonge. Likitokea lolote kati ya haya, mpelekeni chumba cha dharura saa hiyohiyo, na chupa ya vidonge mwende nayo.